Mchanga Unaomsubiri Mgeni Rasmi

Kuna nchi moja ambayo haina jina. Si kwamba wananchi wake ni wazembe, la hasha. Jina lilikwishachaguliwa na tume, likachongwa kwenye jiwe la marumaru, jiwe likafunikwa pazia jekundu, na tangu hapo linamsubiri mgeni rasmi aje alifunue. Katika nchi hiyo kitu ambacho hakijazinduliwa huhesabiwa kuwa hakipo. Barabara inaweza kuwa imejengwa, ikatiwa lami na kupakwa mistari myeupe, lakini kama utepe haujakatwa, watu hupita pembeni kwenye vumbi, tena kwa moyo mkunjufu, huku wakiisifu lami kwa mbali. Wageni wa nje huwacheka. Lakini wageni wa nje wana haraka zao, na haraka haijawahi kujenga taifa lenye adabu.

Mgeni rasmi wa nchi hiyo ni mmoja tu, Mtukufu Mlezi wa Taifa. Kazi yake ni kuzindua, na mkasi wake husafiri katika gari la peke yake.

Sasa, katika mji wa Mtondoo, kando ya bahari ya nchi hiyo, aliishi mama mmoja aitwaye Bi Mashavu Kombo. Alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukigusa kiti hicho. Akimtupia mgeni jicho moja tu anaposhuka garini, alijua kama ni wa safu ya makochi, wa safu ya viti vya plastiki, au wa kusimama na wenzake. Kigelegele chake kilikuwa kirefu hivi kwamba wapiga ngoma walikitumia kupumzikia. Aliipenda itifaki kwa dhati, na akiona watu wanakula pilau kabla ya meza kuu kuhudumiwa, alikosa raha siku nzima.

Mumewe, Faki, karani mstaafu wa posta, alipenda chai na utulivu. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho upande wa bahari. Walipoijenga haikuwa ya mwisho. Mbele yake palikuwa na nyumba nyingine, na mbele ya hizo palikuwa na ufukwe mpana mweupe ambao mtu akiuvuka mchana alichoka kabla ya kufika majini. Kisha serikali ikauchota mchanga ule kwenda kujengea Ukumbi wa Taifa wa Uzinduzi huko mji mkuu. Ni jengo zuri sana, nasikia, ila bado limefungwa, kwa sababu sherehe za kuzindua kumbi sharti zifanyike ukumbini. Mikoko nayo ikakatwa kuwa nguzo za majukwaa. Bahari ilipoona hakuna wa kuizuia, ikaanza kupanda, ikala minazi, ikala nyumba za mbele, na mwisho ikabisha hodi kwenye jiko la Bi Mashavu.

*

Serikali haikukaa kimya. Baada ya wananchi kulalamika miaka na miaka, ilitangaza Mradi Mkubwa wa Kurudisha Mchanga Ufukweni. Malori yakaja yakiwa yamejaa mchanga mweupe, safi, mtamu wa kuutazama. Watu wakajipanga barabarani wakishangilia, na Bi Mashavu akapiga kigelegele mpaka akakaribia kuzimia. Aliiona nyumba yake imepona.

Malori hayakwenda ufukweni. Yalikwenda uwanja wa mpira, nyuma ya soko, yakamwaga mchanga wote pale. Lundo likainuka likayapita mapaa. Kisha likafunikwa turubai kubwa la rangi za bendera, likazungushiwa utepe, na mgambo wakawekwa kulilinda.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mapande, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri, alipanda kwenye kiti akawaeleza wananchi.

"Ndugu zangu, huu mnaouona si mchanga. Huu ni mchanga mtarajiwa! Utakuwa mchanga siku Mtukufu atakapokuja kulifunua turubai hili na kumwaga chepe la kwanza ufukweni kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka siku hiyo, ni marufuku kuugusa, kuukanyaga, wala kuukodolea macho bila sababu."

Watu walipiga makofi. Bi Mashavu alipiga zaidi ya wote, maana hotuba ilikuwa imefuata utaratibu. Siku hiyohiyo aliunda kamati ndogo: ya maua, ya ngoma, ya maji ya kunywa, na ya kupunga mikono barabarani. Kanga zenye picha ya Mtukufu zikagawiwa. Faki akamuuliza mkewe kama kulikuwa na kamati ya jiko lao, lililokuwa limeanza kunyevuka sakafuni, na mkewe akamwambia asilete utani kwenye mambo ya taifa.

*

Siku ya uzinduzi ilipofika, mji mzima ulikaa juani tangu asubuhi. Wanafunzi waliimba mpaka sauti zikakauka. Alasiri simu ikaja kwamba Mtukufu amepata udhuru: amekwenda kuzindua msimu wa mvua mikoa ya kusini, ambako mawingu yalikuwa yamekwishakusanyika na kuambiwa yasubiri. Watu wa Mtondoo wakaelewa. Nani angetaka wenzake wakose mvua?

Siku ya pili iliyopangwa, Mtukufu alikuwa anazindua daraja kubwa huko magharibi. Daraja lile halikuwa na mto, lakini mto ulikuwa umo katika awamu inayofuata. Siku ya tatu alikuwa safarini ng'ambo, alikokwenda kujifunza namna mpya ya kukata utepe. Kila mara maua yalinyauka, pilau ililiwa na waliokaribia, na kamati ikaanza upya kutafuta maua mengine.

Bahari, ambayo haikuwahi kuhudhuria semina yoyote ya itifaki, haikusubiri. Ilichukua banda la kuku la Bi Mashavu. Ikachukua ngazi za nyuma. Asubuhi moja Faki aliingia jikoni kuchemsha chai, akakuta maji yamemfika kwenye fundo la mguu, mafiga yameondoka, na changu mmoja anazungukazunguka ndani ya sufuria.

"Mama Siwema!" akaita. "Njoo uone, leo kitoweo kimejileta chenyewe."

Bi Mashavu alikuja, akamtazama yule samaki, kisha akatazama ukuta. Ufa ulikuwa umepanda kutoka chini hadi kwenye dirisha. Ukuta ule waliukandika yeye na Faki wakiwa vijana, yeye akiwa na mimba ya Siwema, akimpasia mumewe mawe huku wakigombana kuhusu upande wa kuweka mlango. Alishika tama akakaa juu ya kinu kilichopinduka. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Aliogopa. Hakuwa na nyumba nyingine, na kwa umri wake hakuwa na nguvu ya kujenga tena.

Faki alimtoa changu kwenye sufuria, akamrudisha baharini kupitia mlangoni, akarudi kukaa karibu na mkewe.

"Nenda kaongee na Mkuu wa Wilaya," alisema. "Wewe wanakusikiliza."

*

Mheshimiwa Mapande alimpokea vizuri, akamwagizia soda, lakini aliposikia kilichomleta akasimama kwenda kufunga dirisha.

"Bi Mashavu, mama yangu, unanitafutia balaa."

"Naomba ndoo chache tu, mheshimiwa. Niweke mbele ya jiko. Mchanga upo, na bahari ipo."

"Mchanga haupo!" Sauti ya mahubiri ilimpanda, kisha akaishusha. "Wewe unajua kilichompata aliyenitangulia kwenye kiti hiki. Kisima kilichimbwa, watu wana kiu, yeye kwa huruma zake akafungua bomba kabla ya uzinduzi. Wananchi wakanywa. Siku Mtukufu anakuja kufungua, anakuta bomba limekwishalowana. Alifukuzwa kazi jioni ileile, na waliokunywa wakatangaziwa redioni kwamba hawajanywa. Wengine mpaka leo wana kiu kwa heshima."

"Sasa mimi nifanyeje? Nyumba inaondoka."

Mheshimiwa Mapande alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye cheo tu. "Vumilia, mama. Ikiondoka kabla Mtukufu hajaja, tutaitaja kwenye risala."

Bi Mashavu alitoka pale akiwa amekasirika kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mapokezi. Alipita mbele ya lundo, akawaona mgambo wamekaa kivulini, turubai linapepea, na ule mchanga chini yake umetulia tuli, hauna habari na mtu. Alitamani kulitukana lundo lile, ila hakujua litukanwe kwa cheo gani.

*

Juma lile akafika Bwana Uledi, Afisa Itifaki kutoka makao makuu, kukagua maandalizi. Alikuwa mtu mwembamba aliyenyoosha suti yake hata akiwa amekaa. Aliikusanya Kamati ya Mapokezi chini ya jukwaa na kuifokea.

"Nimepata taarifa za aibu. Mara ya mwisho vigelegele vilichelewa! Aliyecheza Mtukufu kwenye majaribio alishuka garini kwa mguu wa kushoto! Mnataka kuniua? Fanyeni mazoezi. Fanyeni kila siku mpaka muote!"

"Mazoezi ya sehemu gani, bwana?" aliuliza Bi Mashavu, akiwa na kalamu tayari, maana hata katika hasira alibaki mwenyekiti.

"Ya kila kitu! Tangu mgeni anashuka garini mpaka anapanda kuondoka."

"Na kumwaga chepe la kwanza?"

"Na chepe la kwanza."

"Na pale wananchi wanapomuunga mkono Mtukufu kwa kumwaga wao pia?"

"Mama, nimesema kila kitu. Unaogopa nini? Kitu kilichofanyika kwenye mazoezi hakijafanyika. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza tunayofundishwa."

Bi Mashavu aliiweka kalamu chini polepole. Alimshukuru Bwana Uledi kwa niaba ya kamati, akamwongoza mpaka garini, akampungia mkono hadi vumbi lilipotulia. Kisha akawageukia wajumbe wake.

"Mmesikia wenyewe," akawaambia. "Kila mtu kesho aje na karai."

*

Faki ndiye aliyepewa nafasi ya Mtukufu, kwa kuwa alikuwa na miwani myeusi aliyopewa baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Mwanzoni alikataa. Asubuhi ya kwanza alishuka kwenye gari la mkaa lililokodiwa, mguu wa kulia mbele, wanawake wakapasua vigelegele, wanafunzi wakaimba, na mgambo wakampigia saluti. Faki alisimama kidogo. Akakohoa. Akauliza juisi yake iko wapi. Tangu siku hiyo hakuhitaji tena kubembelezwa, na hata nyumbani alianza kusubiri afunguliwe mlango.

Aliukata utepe, akainua pembe ya turubai, akachota chepe moja na kutembea nalo hadi ufukweni huku akipigiwa makofi njia nzima, akalimwaga mbele ya jiko lake mwenyewe. Hapo wananchi wakaanza kumuunga mkono. Walikuja na makarai, na viroba, na ndoo, na matoroli ya sokoni, na mmoja na beseni la kuogea. Walimuunga mkono asubuhi, wakala, wakamuunga mkono mpaka jioni. Mgambo waliingiwa na wasiwasi kidogo, wakamuuliza Bi Mashavu kama na wao wana sehemu kwenye mazoezi. Akawaambia yao ni kugeuka nyuma kwa pamoja na kubaki hivyo hadi filimbi ilie. Waliifanya vizuri sana.

Ikawa hivyo kila siku. Mchanga ulitandazwa ukapanda, ukasukuma maji nyuma. Viroba vikapangwa chini, majani ya pwani yale yatambaayo yakapandwa juu ili yaushike. Mheshimiwa Mapande alikuja mara moja, akasimama jukwaani kufanya mazoezi ya hotuba yake, akaridhika na makofi, akarudi ofisini bila kutazama upande wa bahari. Bi Mashavu aliamini kwamba hakutazama kwa makusudi, na akamwombea dua.

Tatizo likawa turubai. Lundo lilipopungua, turubai lilianza kubonyea katikati, jambo lisilopendeza kwa rangi za taifa. Wenye soko wakaingiza chini yake meza mbovu na matenga ya nyanya, wakalinyanyua vizuri likasimama kama mwanzo. Siku punje ya mwisho ilipokwenda ufukweni, Bi Mashavu aliamka asubuhi, akashusha mguu kitandani akiwa amezoea maji, akakuta sakafu kavu. Akapiga kigelegele peke yake, kimya kimya, mkono mdomoni.

*

Ndipo habari zikaja kwamba Mtukufu amepata nafasi, na anakuja keshokutwa.

Bwana Uledi alitangulia. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, akaridhika na utepe, akaridhika na mgambo, akainua pembe ya turubai kuhakikisha kwamba mchanga haukupata vumbi. Chini yake alikuta meza, matenga, na kuku mmoja anaatamia mayai. Kuku alimtazama bila woga wowote. Bwana Uledi aliachia turubai, akaliinua tena, na kuku alikuwa bado yupo.

"Mchanga wa Taifa," alisema kwa sauti iliyokatika, "uko wapi?"

"Uko kwenye mazoezi, bwana," alijibu Bi Mashavu.

Walishuka naye mpaka ufukweni. Palikuwa peupe, papana, watoto wanakimbizana, majani yamekwishaanza kushika. Bwana Uledi aliingia na viatu vyake, vikajaa mchanga, akavivua kuvikung'uta, na kwa muda mfupi alisimama pekupeku vidole vikijichimbia vyenyewe. Uso wake ulilainika. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akavivaa upesi.

"Mchanga huu haujamwagwa!" alipiga kelele. "Mtukufu atamwaga nini? Mnataka nimwoneshe kuku? Leteni malori, leteni kijiko! Unazolewa wote, unarudi chini ya turubai leo hii!"

Mheshimiwa Mapande, aliyekuwa ametota jasho, alitii. Malori yakaja. Kijiko kikubwa cha njano kikashuka ufukweni kikinguruma, kikasimama mbele ya jiko la Bi Mashavu, hapo palipokuwa na mchanga mwingi kuliko kwingine. Kikainua mkono. Wanawake waliobeba makarai siku zote zile wakaanza kulia. Faki alivua miwani yake, akarudi kuwa karani wa posta, akamshika mkewe bega.

"Tutoe vitu ndani, mama Siwema," alimwambia. "Basi."

Bi Mashavu aliutoa mkono wa mumewe taratibu, akajifunga kanga vizuri, ile yenye picha, akaenda kusimama mbele ya Bwana Uledi. Hakupiga kelele. Alizungumza kwa ile sauti yake ya kupanga viti.

"Bwana Uledi, samahani. Hii kazi ya kuzoa mchanga, ni ya ule mradi wa zamani?"

"Mradi wa zamani ni wa kumwaga. Huu ni wa kuzoa!"

"Yaani ni mradi mpya."

"Mpya kabisa, na unaanza sasa hivi!"

"Sawa. Maana naona kijiko kimeinua mkono na mimi sijapanga viti." Alitazama huku na huku kama anayetafuta kitu. "Utepe siuoni. Jukwaa silioni. Mgeni rasmi wa uzinduzi wa kuzoa ni nani?"

Dereva wa kijiko, mtu aliyeipenda kazi yake, alizima injini. Mheshimiwa Mapande alirudi hatua nyuma, kisha nyingine, mpaka akawa si katika wale walioamuru.

Bwana Uledi alianza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa mtu wa imani, na imani yake ilikuwa hii hii. Mradi wa Mchanga wa Taifa hauzinduliwi na mtu mwingine ila Mtukufu. Mtukufu hawezi kuja kuzindua kumwaga mpaka mchanga uwe umezolewa. Na mchanga hauwezi kuzolewa mpaka Mtukufu aje kuzindua kuzoa. Akikosea, atakuwa amefungua bomba. Aligeuza jambo lile upande huu na upande ule, kisha akakaa chini pale pale, na suti yake yote, akapiga simu makao makuu.

Alizungumza kwa muda mrefu, mara nyingi akisema "ndiyo, mzee". Aliposimama alikuwa amejifuta jasho na kurudiwa na heshima.

"Ziara ya keshokutwa imeahirishwa," alitangaza. "Mtukufu atakuja mwenyewe kuzindua Mradi wa Kuzoa, nafasi ikipatikana. Mpaka siku hiyo, ni marufuku kwa mtu yeyote kuchota, kuhamisha, wala kupunguza hata punje ya mchanga huu. Zungusheni utepe. Na nyie mgambo, hamieni huku."

Bi Mashavu alipasua kigelegele, na safari hii hakuweka mkono mdomoni.

*

Kwenye ramani za nchi ile, Mtondoo bado haina ufukwe, kwa kuwa mchanga wake haujamwagwa, na haujazolewa vilevile. Watu huupitia kila siku wakiinama chini ya utepe. Kamati ya Mapokezi hukutana kama kawaida, na safari hii mazoezi yanaishia kwenye vigelegele. Sehemu ya kuzoa, mwenyekiti anasema, wataifanyia kazi baadaye.

Jioni Faki hubeba redio kwenye ngazi mpya za nyuma, wakanywa chai na mkewe wakisikiliza habari. Majuzi mtangazaji alisema kwamba Mtukufu ameondoka nchini kwa ziara ndefu, na kwamba akirejea atapitia mikoa ya kaskazini kuzindua kiangazi. Bi Mashavu alikiweka kikombe chini, akainua mikono yote miwili.

"Mungu amzidishie safari," alisema.

"Amina," akaitikia Faki, akamwongezea chai.